Ajira Isiyozinduliwa

Ipo nchi moja, wala haiko mbali, ambako kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Sheria yake ni fupi na kila mtoto wa shule anaijua kwa moyo: bomba lisitoe maji, daraja lisivukwe, kitanda cha hospitali kisilaliwe, kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Wananchi wa nchi hiyo ni watiifu kupita kiasi. Kule Mto Mpana walijengewa daraja la zege, likafungwa utepe mwekundu, na kwa kuwa mgeni rasmi alipata udhuru, watu wakaendelea kuvuka chini yake, suruali zimepandishwa hadi magotini, wakilishukuru daraja kwa kivuli. Mwaka ambao mvua ziliwahi kunyesha kabla ya uzinduzi wa msimu wa kilimo, mkuu wa mkoa alizikaripia redioni, na wakulima waliokwisha kupanda wakaagizwa wafukue mbegu, wasubiri wenzao.

Katika mji mmoja wa nchi hiyo aliishi Siwema Kitandu, mama wa watoto wawili, mwenye cheti cha utunzaji wa stoo na mguu mmoja uliodhoofishwa na polio tangu utotoni. Alitembea kwa magongo, tena kwa kasi iliyowaudhi wenye miguu mizima waliokuwa wamejiandaa kumhurumia. Cheti alikuwa nacho, akili alikuwa nayo, na mdomo alikuwa nao wa kutosha ukoo mzima. Kilichokosekana ni kazi. Kila alikokwenda kuomba, mwajiri aliyatazama magongo kwanza, cheti baadaye.

"Utaweza kweli, dada?"

"Kwani magunia yenu mnayahesabu kwa miguu?"

Na usaili ukaishia hapo.

Ndipo alipoangukia mikononi mwa Tuwainue. Hili lilikuwa shirika lisilo la faida, lililoundwa mahsusi kuwatafutia watu wenye ulemavu ajira zenye maana. Ofisi zake zilikuwa ghorofa ya tatu. Lifti ilikuwepo, ya kisasa, yenye kioo na sauti ya mwanamke wa kukaribisha wageni, ila ilikuwa na utepe mlangoni ikingoja kuzinduliwa. Kwa hiyo walengwa walihudumiwa chini, kwenye maegesho, katikati ya magari meupe ya shirika. Hapo Siwema alihudhuria semina ya Kujitambua, semina ya Kujitambua Zaidi, semina ya Kuvaa kwa Ajili ya Usaili, na ile iliyojaza watu kuliko zote, Kupokea Jibu la Hapana kwa Tabasamu. Kila semina ilikuwa na fulana yake. Watoto wake walilalia fulana za Tuwainue, na yeye mwenyewe aliepulia sufuria kwa fulana za Tuwainue.

Shirika halikupima mafanikio kwa watu walioajiriwa, maana hao hawakuwepo. Lilipima kwa watu waliojengewa uwezo. Siwema alikuwa amejengewa uwezo kiasi kwamba, kama uwezo ungekuwa matofali, angekuwa na ghorofa la kupangisha.

Mambo yaliharibika Tuwainue ilipomwajiri Bwana Chediel.

Chediel alikuwa mtu mzima mwenye kipara, aliyeuza sabuni kwa jumla sehemu kubwa ya maisha yake. Alipewa cheo cha Afisa Uunganishaji. Semina ya kuwaelekeza wafanyakazi wapya ilikuwa imeahirishwa, kwa hiyo hakuna aliyemweleza kazi yake hasa ni nini. Akadhani ni kuunganisha. Akainua simu, akawapigia wateja wake wa zamani wa sabuni, mmoja baada ya mwingine, akiwauliza kama wanahitaji mfanyakazi. Ni kosa ambalo mtu mwenye uzoefu wa mashirika asingelifanya.

"Nahitaji mtu wa stoo," alijibu Bi. Raya, mwenye kiwanda cha mikate pale mjini. "Niliyekuwa naye alikuwa ananiibia unga, nikamtimua. Wako naye mwizi?"

"Sijamuuliza."

"Mlete nimuulize mwenyewe."

Siwema akaenda. Bi. Raya alikuwa mwanamke mnene mwenye unga hadi kwenye nyusi, na hakuwa na muda wa kupoteza.

"Unaiba?"

"Nikiiba gunia, nitakimbia nalo vipi na magongo haya?"

Bi. Raya alicheka mpaka unga ukapukutika. Kisha akaingia stoo, akazitazama rafu, akamtazama Siwema.

"Zile za juu hutazifikia. Nitaita fundi azishushe. Unataka nini kingine?"

"Stuli, na meza isiyotikisika."

"Basi njoo Jumatatu."

Yakaisha. Hakuna aliyejengewa uwezo, hakuna aliyegawiwa fulana, hata soda haikufunguliwa.

Siwema alipopeleka habari kule maegeshoni, Mkurugenzi wa Tuwainue, Dakta Eligiva Mwinuka, ambaye wote walimwita Mama Mwinuka, ilibidi aketi kwenye bampa la gari.

"Umepata ajira?"

"Ndiyo, mama."

"Yenye maana?"

"Ina mshahara."

Mama Mwinuka alilia. Si machozi ya unafiki, hapana. Alikuwa ameongoza shirika tangu nywele zake zikiwa nyeusi na hakuwahi kuona jambo kama hili. Alimkumbatia Siwema pamoja na magongo yake. Kisha akajifuta, akakumbuka cheo chake.

"Lakini Jumatatu haiwezekani, mwanangu. Ajira haijazinduliwa."

Alasiri ile ile ikaundwa Kamati ya Uzinduzi wa Ajira, na chini yake kamati ndogo ya utepe, kamati ndogo ya fulana, na kamati ndogo ya chakula, ambayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ujumbe ukaenda kiwandani, ukafunga utepe kwenye mlango wa stoo ya Bi. Raya, ukamwacha mgambo mmoja aitwaye Kibwana aulinde.

"Jamani, unga wangu uko humo!" Bi. Raya alipiga kelele.

"Utatoka baada ya uzinduzi, bibie."

"Uzinduzi wenyewe lini?"

"Mheshimiwa akipata nafasi."

Mheshimiwa aliyetajwa ni Dakta Sifaeli Matambo, Waziri wa Mianzo na Matumaini. Wakati huo alikuwa mikoa ya kaskazini kuzindua mkasi mpya wa taifa wa kuzindulia, na shughuli ilikuwa imekwama kwa kukosekana mkasi wa kukatia utepe wa mkasi huo.

Bi. Raya aliutazama utepe kwa muda. Kisha akamvuta pembeni Siwema, aliyekuwa amefuatana na ujumbe ule.

"Stoo hii ina mlango wa nyuma. Ndiko malori yanakoshushia unga. Hawa wamefunga wa mbele kwa kuwa unatoka vizuri kwenye picha."

"Na sheria je, bosi?"

"Sheria imefunga mbele. Sisi tunapita nyuma."

Hivyo ndivyo Siwema alivyoanza kazi. Aliyatoa magunia yaliyolala sakafuni yakinyonya unyevu, akayapandisha juu ya mbao. Unga wa zamani aliuweka mbele utoke kwanza. Hamira aliihamishia kwenye kona yenye ubaridi. Waokaji walimwonea huruma asubuhi ya kwanza. Kufikia mchana walikuwa wanalalamika kwa Bi. Raya kwamba huyu mama mpya anawasimanga mtu akichota unga bila kusema. Jioni alirudi nyumbani mabega yanamuuma, na uchovu ule aliupenda, kwa sababu miaka yote alikuwa akichoka kwa kungoja. Mshahara wa kwanza aliwanunulia watoto kitanda. Fulana zikawa matambara.

Mgambo Kibwana alikaa mbele ya mlango uliofungwa, akila mkate wa moto kila asubuhi. Hakuuliza hata siku moja mkate ule unaokwa kwa unga gani.

Pamoja na yote hayo, Siwema alitaka azinduliwe. Hakupenda kuingia kazini kwa uchochoro kama paka. Alitaka apite mlango wa mbele, aitwe mwajiriwa, na jirani waone. Kwa hiyo Mama Mwinuka alipoleta habari kwamba mkasi umepatikana na Mheshimiwa anakuja wiki inayofuata, Siwema alishona gauni.

Gauni hilo alikuwa analijaribu Jumapili alipotembelewa na rafiki yake Kulthumu, asiyeona, ambaye walikaa naye bega kwa bega katika semina zote zile.

"Mbona unanukia kitambaa kipya?" Kulthumu aliuliza.

"Nazinduliwa, shoga."

Kulthumu aliupapasa upindo wa gauni, akauachia.

"Unakumbuka nilivyopata kazi ya simu pale wilayani?" alisema.

"Nakumbuka. Ulizinduliwa na bendi ya polisi. Mimi nilikuwa nakuonea wivu."

"Nilizinduliwa asubuhi, nikapokea simu moja ya majaribio, nikapigiwa makofi. Kesho yake nimefika, napapasa meza, sioni simu. Napapasa tena, meza nayo haipo. Nimebaki nimesimama katikati ya chumba nanyoosha mikono kama mtu anayeogelea. Kumbe lori limepita alfajiri. Simu ile ilikuwa inatakiwa wilaya nyingine, ikazinduliwe huko."

"Uliniambia uliacha kazi!"

"Ningesemaje? Kwamba kazi imebebwa na lori?" Kulthumu alishusha pumzi. "Fikiri vizuri. Nani unayemjua aliyezinduliwa akadumu? Bomba la kwenu lilitoa maji mpaka lini?"

"Mpaka Mheshimiwa alipoondoka."

"Gari la wagonjwa?"

"Lilirudi na msafara."

"Vile vyerehani vya akina mama?"

Vyerehani vile Siwema alikwisha kuviona kwenye picha za magazeti, katika wilaya moja baada ya nyingine, na kimoja kilikuwa na mchubuko ule ule ubavuni. Katika nchi ile mradi ulikwisha utepe ulipokatwa. Vilivyo nyuma ya utepe vilikuwa mali ya sherehe, na sherehe ilikuwa na safari ndefu.

"Shoga yangu," Kulthumu alisema, "ukinipenda, usizinduliwe."

Usiku ule hakuna haja ya kueleza alivyolala. Asubuhi alifika kazini mapema kuliko waokaji.

"Bosi, wakikata utepe ule, kesho yake watabeba kila kilicho nyuma yake. Unga, rafu, meza, na kazi yangu."

Bi. Raya aliacha kukanda. "Watabeba unga wangu?"

"Gunia kwa gunia."

Yakaitishwa mazungumzo kwenye chumba cha matanuri, na Chediel akaitwa. Alikuja bila kinyongo, ingawa Tuwainue ilikuwa imempa onyo kwa kumpatia mtu ajira kinyume cha utaratibu. Alisikiliza yote, akakuna kipara.

"Mimi nimeuza sabuni miaka," alisema. "Mteja hubeba chenye karatasi nzuri, hafungui kuona kilichomo. Mlango huo mwingine, pembeni ya ule wenye utepe, una nini?"

Bi. Raya alikunja uso. "Uchafu. Trei zilizopinda na jiko bovu la marehemu mjomba wangu. Liko humo tangu sijaolewa. Hakuna mtu amekubali kulibeba, hata bure."

Wakatazamana.

Asubuhi ya sherehe Chediel alimchukua mgambo Kibwana kwenda kunywa chai na chapati. Sheria ilikataza raia kuukata utepe. Kuhusu kulifungua fundo lake haikusema neno. Siwema alifungua fundo kwa meno, Bi. Raya akashika ncha ya pili, na utepe ukahamia mlango wa pembeni. Ndani waliweka meza na kiti, wakabandika kibao kilichoandikwa AJIRA. Mgambo aliporudi, aliketi mbele ya utepe kama kawaida. Alikuwa amekabidhiwa utepe, hakukabidhiwa mlango.

Watu walijaa. Palikuwa na maturubai, meza kuu yenye maua ya plastiki, bendi, ngoma, kwaya ya wafanyakazi wa wizara, na jukwaa refu. Ngazi za jukwaa zilikuwa na njia ya mteremko kwa ajili ya watu wenye ulemavu, iliyojengwa na shirika jingine, nayo ilikuwa na utepe wake. Kwa hiyo Siwema aliwekwa chini, juani, mahali ambapo mgeni rasmi angeweza kumwonyesha kwa kidole.

"Kaa kwenye hiki, mwanangu," Mama Mwinuka alimsogezea kiti cha magurudumu.

"Mama, mimi natembea."

"Najua. Lakini wafadhili magongo hawajayazoea."

Siwema akakaa. Gauni lilikuwa limependeza.

Mheshimiwa Dakta Matambo alifika mchana, akala kwanza, kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi! Serikali yenu haimwachi mtu nyuma! Na kama kuna mtu yuko nyuma, basi huko nyuma tumempelekea serikali!" Makofi. "Leo tunazindua ajira. Wapo wanaobeza, wanaouliza ajira ngapi. Nawaambia moja! Nchi jirani wana ajira nyingi, lakini je, ni ngapi zimezinduliwa?" Makofi zaidi, bendi ikapuliza. "Huyu mama mnayemwona hapa alikuwa hana matumaini. Alikuwa anakaa tu!"

"Alikuwa anakaa tu!" kwaya ikaitikia.

Unga wa asubuhi ile ulikuwa bado umekauka kwenye vidole vya Siwema. Akaificha mikono chini ya gauni.

Mheshimiwa alishuka na mkasi wa taifa, uliobebwa kwenye mto wa hariri. Akakata. Mlango ukafunguliwa, na vumbi likamtokea usoni kama lililoitwa. Akachungulia. Aliona meza, kiti, kibao, trei zilizopinda, na lile jiko limelala gizani kama kiboko.

Akageuka. "Niliambiwa hii ni stoo ya unga. Mbona unga siuoni?"

Mama Mwinuka, aliyejua mlango wa stoo ulivyo, alitazama mlango huu, akatazama ule wa stoo, na mdomo wake ukabaki wazi. Chediel alianza kukohoa. Bi. Raya alishika kichwa. Kazi ya Siwema, kitanda cha watoto wake, vyote vilisimama pale, kati ya waziri na swali lake.

Siwema alisukuma gurudumu, akasogea mbele.

"Mheshimiwa, unga ni awamu ya pili."

Uso wa Mheshimiwa ulichanua. "Awamu ya pili!" aliwageukia wananchi. "Mmesikia? Huyu mama amejengewa uwezo! Nami natamka hapa hapa kwamba awamu ya pili nitakuja kuizindua mwenyewe, bajeti ikiruhusu!"

Bendi ikapasua. Picha zikapigwa. Siwema alikalishwa kwenye kile kiti chenye vumbi, akapewa kalamu ashike, akaambiwa atazame mbali kama mtu anayeona kesho yake.

Na kesho yake lori likaja, alfajiri. Vijana wa wizara walibeba meza, kiti, kibao na trei zote zilizopinda. Jiko la marehemu mjomba liliwashinda mara mbili, wakaitana, wakafunga kamba, wakalitoa wakitokwa jasho. Bi. Raya alisimama dirishani amejiziba mdomo kwa kanga asicheke kwa sauti. Siku chache baadaye redio ilitangaza kwamba katika mkoa wa kusini kumezinduliwa kiwanda kizito, na mchambuzi mmoja alisema kishindo chake kitasikika katika uchumi.

Baada ya hapo hakuna aliyewasumbua. Chediel, aliyepewa likizo isiyo na mwisho na Tuwainue, alinunua vocha na kuendelea kuwapigia wateja wake wa sabuni. Kulthumu alipata kazi ya simu kwenye kampuni ya mabasi, bila bendi. Anaijua sauti ya kila dereva mlevi. Fundi mmoja kiziwi aliingia gereji, ambako kelele zilikuwa zimewashinda wengine wote. Walikuwa wanaingia makazini kimya kimya, kwa milango ya nyuma, mji mzima, na kila mmoja alijihadhari asigunduliwe na mtu mwenye mkasi.

Asubuhi moja Mama Mwinuka alifuata harufu ya mkate mpaka uchochoroni. Alimkuta Siwema juu ya stuli, kati ya rafu fupi, akimpangia utingo wa lori pa kushusha magunia.

"Pole, mwanangu," alianza. "Mradi umefungwa, na ajira yako imefungwa nao. Lakini nimekuwekea nafasi. Tuna semina mpya ya Waliopoteza Ajira. Fulana ni za kijani."

"Nashukuru, mama. Sina nafasi, niko kazini."

Mama Mwinuka alizitazama rafu. Akayatazama magunia, na mikono ya Siwema iliyokuwa nyeupe hadi kwenye viwiko.

"Hii ni ya mradi gani?"

"Wa mikate."

"Imezinduliwa lini?"

"Haijazinduliwa."

"Basi haihesabiki, Siwema. Siwezi kuiandika popote."

"Usiiandike, mama."

Mkurugenzi alisimama pale mlangoni na mkoba wake, kama aliyesahau alikotoka. Alitazama nyuma, uchochoroni, kuona kama kuna mtu. Hakuna. Akaingia hatua moja, akashusha sauti.

"Nina mdogo wangu, tumbo moja. Hasikii. Ana cheti cha upishi, na yuko sebuleni kwangu mwaka wa kumi sasa, semina zangu zote kahudhuria." Aliuhamishia mkoba mkono wa pili. "Huyo Chediel hawezi kumtafutia kitu? Kidogo tu. Ila, tafadhali, mwanangu, asizinduliwe."

Siwema alimsogezea stuli ya pili kwa ncha ya gongo.

"Rudishia mlango kwanza, mama," alisema. "Unga unapeperuka."